Kioo cha Pembeni ni Haki ya Aliye Nyuma

Yapo mambo madogo kwa umbo ambayo uzito wake hauonekani mpaka siku ya madhara. Moja katika mambo hayo ni kioo cha pembeni cha gari. Mwenye gari la kisasa hana haja ya kukifikiria, kwa sababu kimekuja pamoja na gari lake kutoka kiwandani. Lakini magari ya zamani, hasa yale yaliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1940, 1950 na 1960, mengi yalitoka kiwandani yakiwa na kioo kimoja tu cha kutazamia nyuma, nacho kilikuwa ndani, kimening'inia juu usawa wa kichwa cha dereva. Ubavuni hayakuwa na kitu.

Magari hayo yalifika katika pwani yetu na visiwa vyetu wakati wa utawala wa Waingereza, na yaliyosalia leo ni machache. Wenyewe wanayatunza kwa mapenzi na kwa jasho lao. Hatuna ugomvi nao. Bali tunawapongeza, kwani mtu anayelidumisha gari la miaka sitini kwa spana na subira anatufundisha sote kwamba si kila kipya ni bora wala si kila cha kale ni cha kutupwa. Tunalolisema leo ni hili: gari la kale linalotembea katika njia ya leo halina budi kuwa na macho ya kuona kilichoko nyuma na ubavuni mwake. Na macho hayo si pambo la mwenye gari. Ni haki ya yule aliye nyuma yake.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana na wengi, nao ni Morris Minor. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Earls Court, mjini London, mwaka 1948. Aliyelibuni ni mhandisi Alec Issigonis, aliyezaliwa Izmir mwaka 1906, ambaye baadaye alibuni lile gari dogo zaidi liitwalo Mini, lililotoka mwaka 1959. Morris Minor lilikusudiwa kuwa gari la mtu wa kawaida, kama vile mwalimu, karani au muuguzi, si gari la bwana mkubwa. Lilikuwa rahisi kuliendesha na rahisi kulitengeneza, na kwa sababu hiyo likaenea. Ndilo gari la kwanza la Kiingereza kufikia idadi ya milioni moja, na mpaka uundaji wake ulipokoma huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yamekwisha toka zaidi ya milioni moja na nusu.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mhandisi huyo alikuwa hodari kiasi hicho, kwa nini hakuweka vioo vya pembeni? Jawabu ni kwamba aliliunda gari kwa ajili ya njia za wakati wake. Magari ya kwanza ya Morris Minor yalikuwa na injini ya sentimita za ujazo 918, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kiasi cha maili 60 kwa saa. Njia zilikuwa na nafasi. Dereva alipotaka kukata kona alibonyeza swichi, na ubavuni mwa gari kikachomoza kijiti chenye taa mithili ya mkono. Aliyekuwa nyuma alikiona kijiti hicho kwa sababu alikuwa mmoja au wawili, naye alikuja polepole. Katika hali kama hiyo kioo kimoja cha ndani kilitosha, au angalau kilidhaniwa kuwa kinatosha.

Hali hiyo haipo tena. Anayetoka Darajani leo kuelekea Mwanakwerekwe, au anayetoka Chake Chake kwenda Wete, anasafiri katikati ya daladala, pikipiki, Vespa, baiskeli zilizobeba majani ya ng'ombe, mikokoteni, magari ya ng'ombe, na watoto wanaotoka skuli kwa miguu. Pikipiki inampita upande wa kulia, na papo hapo baiskeli inajipenyeza upande wa kushoto, baina yake na ukingo wa njia. Kioo cha ndani hakiwezi kuwaonesha wote hao. Kinaonesha kile tu kilichoingia katika dirisha la nyuma, na dirisha la nyuma la magari haya, hasa ya miaka ya mwanzo, ni dogo. Wakikaa abiria watatu katika kiti cha nyuma na pakacha la machungwa likawekwa juu ya mapaja, dirisha lenyewe huzibika. Nguzo za paa nazo huficha sehemu yake. Hivyo kila upande wa gari kuna eneo ambalo dereva halioni asipogeuza shingo, na eneo hilo linatosha kabisa kumficha mtu na baiskeli yake.

Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Walimsema binadamu asiyeziona aibu zake, lakini methali hiyo inaliafiki sawasawa gari lisilo na vioo vya pembeni. Tofauti ni kwamba nyani akikosa kuona hapati hasara yoyote. Dereva akikosa kuona, hasara humwangukia mtu mwingine kabisa, naye mara nyingi ni yule asiye na bati la kumkinga.

Tukitazama historia ya kioo cha gari tutaona kwamba jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mwaka 1909 mwanamke wa Kiingereza, Dorothy Levitt, aliyekuwa dereva mashuhuri wa mashindano, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanawake kuendesha gari. Humo aliwashauri wachukue kioo kidogo cha mkononi, wakiinue mara kwa mara watazame kilicho nyuma yao. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei, 1911, yalifanyika huko Indianapolis, Marekani, mashindano ya kwanza ya maili 500. Kila gari lilikuwa na watu wawili, dereva na fundi wake, na miongoni mwa kazi za fundi huyo ilikuwa kugeuka nyuma na kumwambia dereva nani anakuja. Dereva mmoja, Ray Harroun, aliingia peke yake. Wenzake walipolalamika kwamba atakuwa hatari kwa kuwa haoni nyuma, alifunga kioo mbele yake juu ya nguzo za chuma. Akashinda.

Sasa yule fundi aliyekaa ubavuni mwa dereva na kutazama nyuma, sisi tunamjua. Kwetu anaitwa utingo. Katika malori na mabasi ya mbao yaliyobeba karafuu, makumbi na abiria wa shamba, utingo ndiye aliyekuwa kioo cha pembeni. Yeye alining'inia mlangoni, akapiga bati kwa kiganja, akapaza sauti kumjulisha dereva kwamba njia ni nyeupe au kwamba asubiri. Dereva wa lori hakuthubutu kurudi nyuma bila ya sauti ya utingo. Basi tunauliza: ikiwa wazee wetu walijua kwamba gari linahitaji jicho la pili, vipi leo mtu aendeshe gari la kale peke yake mjini, hana utingo, hana kioo, na bado ajihesabu kuwa yu salama?

Mataifa mengine yamekwisha lifikiria jambo hili na kulitungia sheria. Marekani iliamuru kwamba magari mapya, kuanzia tarehe 1 Januari, 1968, yawe na kioo cha nje upande wa dereva. Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani, uliotiwa saini Vienna mwaka huo huo wa 1968, unataka gari liwe na kioo au vioo vya kumwezesha dereva kuona magari yanayotoka nyuma. Uingereza yenyewe, iliyotuletea magari tunayoyazungumza, ililazimisha kioo cha nje upande wa dereva, pamoja na kile cha ndani, kwa magari yaliyoanza kutumika tarehe 1 Juni, 1978 na baada ya hapo. Magari ya kabla ya tarehe hiyo yaliachwa yaendelee na kioo kimoja.

Hapo ndipo wapenzi wengi wa magari ya kale wanapoegemea. Husema kwamba hata Waingereza wenyewe hawakuyalazimisha magari ya zamani, kwa hiyo hapana ulazima. Hoja hii ni dhaifu. Sheria inaposema kwamba jambo si lazima, haina maana kwamba jambo hilo si jema. Sheria huweka mpaka wa chini kabisa ambao mtu akiuvuka huadhibiwa. Muungwana hakai juu ya mpaka huo. Na wala njia za visiwa vyetu si njia za vijiji vya Uingereza, ambako gari la kale hutolewa nje Jumapili moja yenye jua na kurudishwa bandani kabla ya jioni.

Hoja ya pili ya wapenzi hao ni nzito zaidi, na inastahiki kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba kufunga vioo ni kuliharibu gari, kulitoboa mwili wake, na kulipotezea asili yake. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini asili ya gari hili ni ipi? Morris Minor la mwaka 1948 lilikuwa na taa za mbele zilizowekwa chini, ndani ya uso wa gari. Kanuni za Marekani zilitaka taa ziwe juu zaidi, kwa hiyo kuanzia mwaka 1949 magari yaliyopelekwa huko yakanyanyuliwa taa zake juu ya madigadi, na baadaye magari yote yakafuata. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili. Mwaka 1956 kikawa kipande kimoja. Vile vijiti vya ishara viliondolewa mwaka 1961, zikawekwa taa za kumetameta. Injini nayo ilibadilishwa zaidi ya mara moja, mpaka ikafika sentimita za ujazo 1,098 mwaka 1962. Mabadiliko yote hayo yalifanywa na kiwanda chenyewe, na hakuna mtu leo anayesema kwamba gari la mwaka 1962 si Morris Minor halisi.

Zaidi ya hayo, vioo vya pembeni vilikuwa vikiuzwa madukani katika miaka hiyo hiyo, na wenye magari wengi walivinunua na kuvifunga kwa hiari yao. Vilikuwa vya mviringo au vya pembe nne, vyenye shingo ya chuma kilichong'arishwa. Kwa hiyo mwenye gari anayefunga leo kioo cha umbo hilo haingizi kitu kigeni katika gari lake. Anafanya lile lililofanywa na mwenye gari mwenye busara wa mwaka 1958. Lililo geni ni kubandika juu ya gari la kale kioo kikubwa cha plastiki kilichotolewa katika gari la kisasa. Hilo hatulitetei, kwani linachukiza macho na halikai imara.

Baada ya kukubaliana juu ya wajibu, tuje kwenye namna ya kuutekeleza, maana jambo jema likifanywa vibaya huzaa lawama. Swali la kwanza ni kioo kikae wapi: juu ya madigadi ya mbele, au mlangoni?

Zamani wengi walivifunga juu ya madigadi. Huko Japani mpaka mwaka 1983 sheria iliyataka magari yawe na vioo hapo. Faida yake ni kwamba dereva huviona bila ya kugeuza kichwa sana. Katika Morris Minor ipo faida nyingine kubwa: madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, hayakuchomelewa. Siku mwenye gari akitaka kulirudisha kama lilivyokuwa, hubadilisha madigadi tu. Lakini hasara zipo. Kioo kikiwa mbali na jicho huonesha kidogo. Mvua ikinyesha, dereva anakitazama kupitia kioo cha mbele, hivyo ni lazima kikae katika sehemu inayofutwa na waipa, la sivyo wakati wa masika hakitakuwa na faida yoyote. Tena hakifikiwi kwa mkono kutoka kitini. Kukirekebisha kunataka watu wawili.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya darasani. Chukua kioo bapa chenye upana wa sentimita 10. Kikiwa mlangoni upande wa dereva, umbali wa kama sentimita 70 kutoka machoni, kitamwonesha eneo lisilozidi upana wa mita 3 hivi kule nyuma, umbali wa mita 20. Kioo hicho hicho kikifungwa juu ya madigadi, umbali wa kama sentimita 130 kutoka machoni, eneo hilo hupungua likawa kiasi cha mita moja na nusu. Maana yake ni kwamba kioo kimoja, fedha ile ile, kikisogezwa mbele sentimita 60 tu, hupoteza karibu nusu ya faida yake.

Dawa ya upungufu huo ni kioo kilichobinuka nje kidogo, ambacho hukusanya eneo kubwa zaidi. Nacho kina sharti lake. Kioo kilichobinuka hukifanya kitu kionekane kidogo, na kitu kinachoonekana kidogo hudhaniwa kuwa kiko mbali. Dereva aliyezoea kioo bapa anaweza kuiona pikipiki akadhani bado ina safari, kumbe imekwisha fika. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: upande wa kulia, aliko dereva, kifungwe kioo bapa mlangoni, ili apime umbali kwa hakika kabla ya kulipita gari jingine. Upande wa kushoto, ambako kioo kwa vyovyote kitakuwa mbali na macho yake, kifungwe kilichobinuka, ili kisimfiche mtu yeyote.

Hapa tunapenda kusisitiza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Mtu akiamua kufunga kioo, mara nyingi hufunga kimoja tu cha upande wa dereva, akaona amemaliza. Kwetu hakitoshi. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa njia, na ubavu wa kushoto wa gari ndio unaopakana na wanyonge wa barabara: mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni, mama anayeuza ndizi ukingoni, mtoto wa skuli. Dereva anaposogea kushoto kushusha abiria, au anapokata kona kuingia mtaani, ni huko anakoelekeza bati lake. Kama kioo cha kulia humlinda dereva, cha kushoto huwalinda watu. Anayefunga cha kulia peke yake amejitazama nafsi yake tu.

Swali la pili ni kutoboa. Visiwa vyetu vimezungukwa na bahari, na upepo wake una chumvi. Bati lililotobolewa na kuachwa wazi huanza kula kutu kabla ya mwenyewe kujua. Hii ndiyo sababu ya haki ya kuogopa keekee, lakini ni sababu ya kufanya kazi vizuri, si ya kuacha kuifanya. Fundi kwanza abandike utepe wa karatasi mahali anapotaka kutoboa, mwenye gari akae kitini kama anavyokaa siku zote, mtu wa tatu akishikilie kioo mahali pale, na waone kwa macho yao kama kinafaa. Wasitoboe kwa kukisia. Kama ni mlangoni, wahakikishe kwamba ile nguzo ya kidirisha kidogo cha pembeni haikizibi kioo, kwamba bolti ndani ya mlango haitagusa kioo cha dirisha kinaposhuka, na kwamba mlango ukifunguliwa kioo hakipigi bodi.

Kisha fundi apige alama kwa msumari wa chuma kigumu ili keekee isiteleze na kuchubua rangi. Aanze na tundu dogo, ndipo alipanue. Kingo azilainishe kwa tupa, na unga wa chuma aufute wote, kwani chembe moja inayobaki katika rangi huwa mbegu ya kutu. Chuma kilicho wazi kipakwe rangi ya kuzuia kutu, na iachwe ikauke vyema. Baina ya mguu wa kioo na bodi uwekwe mpira, ili chuma kisikutane na chuma wala maji yasiingie. Upande wa ndani kiwekwe kipande cha bati cha kuimarisha, kisha washa na nati, na mwisho ipakwe grisi au nta. Chini ya madigadi ndiko gurudumu linakorusha tope na mchanga. Hapo pahitaji nta zaidi na kukaguliwa kila baada ya masika.

Lile bati la ndani si la kupuuzwa. Husimuliwa kwamba kioo cha Harroun kule Indianapolis kilitikisika mno juu ya njia ya matofali hata hakumsaidia sana. Bati la mlango wa gari ni jembamba, na njia zetu za shamba zina mawe. Kioo kinachotetemeka huonesha ukungu, na dereva anayetazama ukungu ni sawa na asiyetazama.

Kwa mtu ambaye roho yake haikubali kabisa kutoboa, vipo vioo vinavyobana ukingo wa mlango kwa skrubu bila ya tundu. Si imara kama vya bolti, na huenda vikachubua rangi, lakini ni bora mara mia kuliko ubavu mtupu. Hivyo hata udhuru wa mwisho umeondoka.

Kazi ikimalizika, ifanyiwe mtihani. Gari lisimamishwe mahali pa wazi, dereva akae kitini, na kijana apite na baiskeli polepole kutoka nyuma, kwanza kulia kisha kushoto. Anapotoweka katika kioo cha ndani awe amekwisha onekana katika kioo cha pembeni. Na anapotoweka katika kioo cha pembeni, dereva awe anamwona kwa pembe ya jicho lake. Ikiwa kuna hatua ambapo baiskeli haionekani popote, kioo kirekebishwe au kihamishwe. Mtihani huu hauna gharama. Hata hivyo, haumwondolei dereva wajibu wa kugeuza shingo kabla ya kusogea, kwani kioo ni msaidizi tu.

Tungependa pia kusema neno na viongozi wetu wa Serikali wanaohusika na usafiri na usalama barabarani. Tunapendekeza kwamba magari ya zamani yanapofikishwa kwa ukaguzi, wakaguzi wasitazame tu kama kioo kipo. Watazame kama kinaonesha. Kioo kilichopasuka, kilichofifia kwa chumvi, au kilichofungwa kwa waya kikielekea juu mbinguni, ni pambo tu. Wakati huo huo tunawaomba wasimsumbue mwenye gari la kale aliyefunga kioo cha umbo la zamani kwa sababu tu hakifanani na vya magari mapya. Kipimo kiwe baiskeli inaonekana au haionekani. Kipimo hicho ni cha haki, kinaeleweka na mwananchi wa kawaida, na hakiachi mwanya wa ubishi wala wa upendeleo.

Na wala tusiwashike wenye magari makongwe peke yao. Yapo magari mapya, yakiwemo ya ofisi, ambayo yalikuja na vioo vizuri na sasa yanatembea na kioo kimoja, kingine kimevunjika na hakuna aliyeshughulika. Gari la umma likiwa hivyo, mkaguzi atamwambia nini mwenye Morris Minor? Atakayewaongoza watu hana budi kuanza na banda lake mwenyewe.

Mafundi wetu nao wana sehemu yao. Fundi akiletewa gari la kale kupigwa rangi upya, huo ndio wakati bora wa kumshauri mwenyewe kuhusu vioo, kwa sababu tundu likitobolewa kabla ya rangi hufunikwa na kukingwa vizuri zaidi kuliko likitobolewa baadaye. Vijana wanaojifunza ufundi wafundishwe kwamba kazi hii, ingawa ni ya saa mbili au tatu, inahesabika katika roho za watu. Na wale wanaoyapamba magari ya kale kwa ajili ya harusi wakumbuke kwamba ua likifungwa juu ya kioo limeziba jicho. Bwana harusi atasubiri; mwenye baiskeli aliyegongwa hana cha kusubiri.

Itasemwa kwamba tumetumia maneno mengi kwa ajili ya kitu kisichozidi kiganja. Tunakiri kwamba ni kidogo. Lakini barabara ni mali ya wote, na kila anayeingia humo na gari ameingia na amana ya maisha ya wenziwe. Mwenye gari jipya alipewa vioo bila ya kuombwa. Mwenye gari la kale anatakiwa avitafute mwenyewe, avilipie, na akubali kulitoboa tundu gari alipendalo. Gharama hiyo ni ndogo, nayo haiondoi hata chembe ya uzuri wa gari lake. Tahadhari, walisema wazee, kabla ya hatari. Tunawaomba wote wenye magari ya zamani, Unguja na Pemba, wasingoje mpaka walazimishwe. Watoke leo wayatazame magari yao ubavuni, kulia na kushoto, na wakikuta patupu, wamwite fundi.